Steshenari ya vitabu vya misa ya mazishi Kariakoo: kuprinti safi, masomo chagueni wenyewe

Ukiwa na msiba Dar na kamati ikakupa kazi ya kitabu cha misa ya Kikatoliki, wote watakuelekeza Kariakoo kwenye zile steshenari za ghorofa za chini, vijana wamejipanga na kompyuta, nje kuna kelele za kila aina. Jina la hii ya kwetu silitaji, maana kwa nilivyosikia kwa wenzangu jumuiyani wengi wao wanafanya kazi kwa staili hiyo hiyo.

Kuprinti nawapa tano kwa tano. Kitabu cha kurasa 12 chenye kava la rangi walianza na 2,500 kwa kopi, tukabembelezana wakashusha mpaka 2,200 kwa sababu tulichukua nyingi, karatasi nzito, picha ya shangazi, marehemu wetu, haikupauka, na stepla zimenyooka (kuna sehemu wanakupa kitabu kikifunguliwa mara mbili kurasa za kati zinabaki mkononi).

Sasa masomo. Hapo nawapa mbili, na nimejikaza. Dizaina ananiambia "dada usiwaze, masomo yamo humo tayari, we nipe jina, tarehe na picha." Kumbe ana faili moja la mteja wa zamani, anafuta marehemu anaweka marehemu. Nikaomba sampo nisome. Somo la kwanza kitabu cha Hekima sura ya 4, ile ya mwenye haki anayeondoka mapema, kwamba uzee wa heshima haupimwi kwa wingi wa miaka. Ni somo zuri mno kwa kijana, na nadhani huyo mteja wa zamani alimzika kijana, pole yao. Ila shangazi yetu ana miaka 84 na vitukuu! Kabla ya injili wameweka Aleluya kwa herufi kubwa na sisi tuko Kwaresima, ambapo Aleluya haiimbwi kabisa hata kwenye mazishi, inawekwa shangilio lingine. Halafu kwenye injili wameacha nafasi ya "jina la msomaji", yani ukijaza tu binamu yako anapanda na yeye kusoma injili, wakati hiyo ni ya padre au shemasi, sisi ndugu tunasoma la kwanza na la pili basi.

Kwa hiyo tuliondoka na flashi yetu tukakaa na katekista, na hapo ndo kazi yenyewe ilipo. Kanisa lina orodha yake ya masomo ya misa ya mazishi, ni ndefu kuliko watu wanavyodhani, mnachagua humo na kumwonyesha padre. Mjomba aling'ang'ania Muhubiri 3, kila jambo na majira yake, padre akasema kwa upole hiyo msomeni kwenye sala ya jioni nyumbani, kwenye misa tuchukue za kwenye orodha. Mjomba alinuna kidogo akapoa.

Shangazi alikuwa mama ntilie Ilala, kalisha nusu ya mtaa, wengine kwa mkopo ambao haukulipwa mpaka leo. Sasa mtu kama huyo unamwekea Hekima 4 ya nini wakati Isaya 25 ipo, Mungu anawaandalia mataifa yote karamu mlimani, anameza mauti na kufuta machozi? Tulivyoisoma sebuleni wifi akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, hapo hapo tukajua somo limepatikana. Injili ilituchelewesha. Yohane 14, ya makao mengi, naipenda ila nimeisikia karibu kila msiba, wengine wakataka ya Lazaro Yohane 11, mwisho ikashinda Mathayo 25, nalikuwa na njaa mkanipa chakula. Ingekuwa kipindi cha Pasaka tusingeweza kuchukua Isaya, somo la kwanza kipindi hicho linatoka Matendo au Ufunuo, muwe mnaangalia kalenda kabla hamjabishana.

Somo la pili alipewa mjukuu ambaye tulijua atalia, kwa hiyo tukachagua fupi, 1 Yohane 3:1-2, mistari miwili tu, alilia na akamaliza. Zaburi ya katikati 23, lakini muulizeni kwanza mwalimu wa kwaya wanaimba kiitikio gani, steshenari walikuwa wameweka chao na kwaya wana chao, watu wangebaki wanatazamana.

Kingine, msiwape namba ya somo tu mkaondoka. Dizaina anakopi kutoka kwenye Biblia ya simu na aliyonayo ni ya vitabu 66, si ile ya Kikatoliki, humo Hekima na Wamakabayo hamna, ukimwambia 2 Wamakabayo 12 atakutafutia mpaka kesho. Chapa maandishi yote mwenyewe, au piga picha ukurasa wa kitabu cha masomo wamchapie hapo ukiwa umekaa pembeni.

Kwa haki yao, nilivyorudi na faili langu hawakulalamika, walibadilisha kila kitu bila hela ya ziada na yule kijana akaniomba aikopi orodha ya masomo abaki nayo. Nikampa. Sijui ataitumia au ataendelea na faili lake.

Ningerudi? Kwa kuprinti ndiyo, nikiwa na kila kitu kimeshachapwa. Jumapili hawafungui, Jumamosi mwisho saa nane, na nusu ya hela unatanguliza, kwa hiyo kama mnazika Jumatatu Kinondoni au mwili unasafirishwa, kazi iwafikie Ijumaa.