Springi za kushusha gari kwa barabara za Tanga: zipi ununue, zipi uziache

Mwenye Swift Sport au Golf GTI akitaka gari likae chini kidogo, kwa kawaida huuliza bei, kisha huuliza linashuka sentimita ngapi. Kuna swali la kuuliza kabla ya hayo: gari likishashuka, shokapu itabaki na nafasi kiasi gani kabla haijagonga stopa, yaani kile kipande cha mpira kinachoizuia isishuke hadi mwisho? Ukizunguka Raskazone na Ngamiani tu unaweza usilione tatizo. Ukishika njia ya Segera na matuta yake ya vijijini, au popote lami inapokatika njia ya Pangani, utalisikia kwenye uti wa mgongo.

Tuseme gari likiwa limesimama, shokapu ya mbele ina mm 70 za kushuka kabla ya kufika kwenye stopa. Ukifunga springi zinazoshusha mm 30, zinabaki mm 40. Ili springi peke yake imeze kishindo kilekile ndani ya mm 40, ugumu wake ungepaswa kuwa mara tatu ya ule wa zamani, kwa sababu nishati inayomezwa hupanda kwa mraba wa umbali: 70 gawa kwa 40, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 3 na kidogo. Springi za barabarani haziuzwi hivyo. Nyingi huongeza ugumu kwa asilimia 10 hadi 30 tu. Kinachobaki kinabebwa na shokapu na stopa. Ndiyo maana kwa gari la kila siku Tanga tunashauri usivuke mm 30, na anayebeba familia nzima kwenda Lushoto abaki kwenye 20 hadi 25.

Kabla ya kuagiza, pima. Simamisha gari kwenye sakafu iliyo sawa, tangi likiwa nusu, ndani hakuna mtu. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, magurudumu yote manne, uandike. Kisha lala chini utafute sehemu iliyo karibu zaidi na ardhi. Mara nyingi ni bomba la mbele la ekzosi au plastiki ya chini ya injini. Mwisho pakia watu wanne na mizigo, upime tena nyuma. Kipimo hicho cha mwisho ndicho kitakachopita juu ya tuta, na ndicho watu wengi wanachokisahau. Kumbuka pia kwamba kadiri gari linavyokuwa refu kati ya tairi la mbele na la nyuma, ndivyo tumbo linavyowahi kugusa tuta: Golf ya kizazi cha tano ina mm 2,578, Swift Sport ya chesi ZC31S ina 2,390. Kwa kimo kilekile, Golf itagusa kwanza.

1. Seti ya springi na shokapu zilizotengenezwa pamoja

Gari la mtumba lililokwishatembea zaidi ya km 100,000 kwa kawaida lina shokapu zilizochoka hata kama hazivuji. Ukilifunga springi mpya ngumu, shokapu hizo zitashindwa kuizuia springi inaporudi juu, na gari litadundadunda kila baada ya tuta. Kwa hiyo nafasi ya kwanza tunaipa seti kamili. Kwa Golf GTI chaguo letu ni Bilstein B12 Pro-Kit, ambayo ni springi za Eibach Pro-Kit pamoja na shokapu za Bilstein B8. B8 zimefupishwa mahsusi kwa gari lililoshushwa; B6 za kampuni hiyohiyo zina urefu wa kawaida, usichanganye ukiagiza. Bei ni kubwa, lakini unalipa mara moja, fundi anafungua mara moja, na alaimenti (kupanga mwelekeo wa magurudumu) ni moja.

2. Springi za kushusha kidogo, na shokapu nzuri za kawaida

Hapa ndipo wanunuzi wengi wa Tanga wataangukia, na ni mahali pazuri. Eibach Pro-Kit, H&R zile zisizoshusha sana, au Tein High.Tech kwa magari ya Kijapani. Pro-Kit na wenzake wengi wa kundi hili ni springi za ugumu unaopanda: mizunguko ya upande mmoja imebanana na hulainisha vishindo vidogo, kisha ile iliyoachana huchukua uzito gari linapozama. Kwenye rasta za barabarani utaona faida yake waziwazi. Ukifunga pamoja nazo shokapu mpya za KYB Excel-G, unapata gari linalokaa vizuri kwenye kona bila kumsumbua abiria wa nyuma. Shokapu hizo ni za urefu wa kawaida, ndiyo sababu nyingine ya kutoshuka zaidi ya mm 30.

3. Springi za kushusha sana

Eibach Sportline, Tein S.Tech, RS-R Down. Ni bidhaa halali za makampuni yanayojua kazi yake, na gari linapendeza kweli. Ila fahamu zilipangwa kwa ajili ya barabara gani. Sheria ya ukaguzi ya Japani inataka sehemu ya chini kabisa ya gari ibaki angalau sm 9 juu ya ardhi, na mtengenezaji wa Kijapani huliangalia hilo. Sm 9 za kwao zinapita juu ya lami iliyonyooka. Hapa ni za tuta lililomwagwa kwa sepetu. Kwenye kundi hili funga shokapu fupi tu, na uwe tayari kuchagua njia.

4. Koilova za bei nafuu

Koilova ni springi na shokapu vilivyounganishwa, na kimo chake hurekebishwa kwa nati. Wazo la kupandisha na kushusha unavyotaka linavutia. Tatizo letu ni chumvi ya bahari. Nyuzi za kurekebishia kimo zikiachwa bila grisi huota kutu, nati inaganda, na unabaki na kimo kimoja ulicholipia mara mbili. Kama lazima, nunua zenye mwili wa chuma kisichoshika kutu, uzipake grisi na kuzifunika.

5. Springi za mtumba

Zichukue tu kama ni za modeli ileile na namba zake zinasomeka. ZC31S, ZC32S na ZC33S zote zinaitwa Swift Sport, lakini ni magari matatu tofauti. Nenda na herufi na namba hizo za chesi, si jina. Kagua mzunguko wa chini kabisa kwa kidole: rangi ikiwa imebanduka na chuma kina vishimo vya kutu, iache. Springi hukatika kutokea kwenye kishimo kama hicho, na kipande cha springi ya mbele kinaweza kuchana tairi gari likiwa kwenye mwendo.

Usinunue kabisa: springi iliyokatwa au kuchomwa moto

Ukikata mzunguko mmoja, ncha haikai tena kwenye kitako chake, na tairi likining'inia springi inaweza kuchomoka. Kuchoma ni kubaya zaidi. Chuma kikianza kuonekana chekundu, joto limeshapita nyuzi 500 hivi, na uimara ambao kiwandani ulitafutwa kwa joto la chini ya hapo unapotea. Springi inazidi kushuka mwezi hadi mwezi, upande mmoja kuliko mwingine. Fundi akikupendekezea hivyo, tafuta fundi mwingine.

Kuhusu feki: springi halisi ina namba ya bidhaa iliyoandikwa kwenye koili zenyewe, na ya mbele ni tofauti na ya nyuma. Linganisha namba hizo na orodha ya mtengenezaji kwa gari lako kabla hujalipa. Rangi peke yake haithibitishi kitu, ingawa Pro-Kit ni nyeusi, Sportline nyekundu na Tein kijani. Rangi ya kupuliza mtu yeyote anayo. Kwa magari ya Volkswagen angalia pia uzito wa ekseli ya mbele ulioandikwa kwenye kifurushi, kwani injini ya dizeli na ya petroli huwa na springi tofauti.

Usimalize hela yote kwenye springi. Tenga ya stopa nne na mipira yake ya kuzuia vumbi, maunti mbili za juu za mbele (vishikizo vya shokapu kwenye bodi) pamoja na beringi zake, linki mbili za stebilaiza (chuma kinachozuia gari lisilale kwenye kona), na alaimenti. Vitu hivi vinafikiwa gari likiwa limefunguliwa tayari; kuvirudia baadaye ni kulipa ufundi mara mbili. Stopa ikihitaji kufupishwa, maelekezo ya springi hutaja mm ngapi na upande upi. Usikubali fundi aitoe yote.

Kwenye kufunga, simama hapo uangalie mambo machache. Mashine ya kubania springi izungushwe kwa spana ya mkono, pande zote mbili kwa zamu, isipigwe kwa mashine ya upepo. Maandishi kwenye springi yasomeke wima. Yakisomeka kichwa chini, imegeuzwa. Kwenye ekseli ya nyuma ya Swift, ambayo ni boriti moja, jeki iibebe wakati bolti za chini za shokapu zinatolewa, la sivyo mipira ya breki itavutika. Na bolti za busha zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake chini. Zikikazwa tairi likining'inia, mpira wa busha unabaki umejipinda muda wote na kuchanika mapema.

Endesha km 200 hivi springi zikae, ndipo upeleke alaimenti. Gari likishuka, kemba (tairi kulala ndani au nje kwa juu) na too (tairi kuelekea ndani au nje) ya mbele hubadilika, na too iliyoharibika hula tairi kwa ndani bila wewe kuona ukiwa umesimama pembeni. Golf inarekebishika mbele na nyuma. Swift nyuma hairekebishiki, hivyo mwambie fundi akupe vipimo vya nyuma vilivyoandikwa, uviweke. Gari likiwa na taa za zenoni zinazojipanga zenyewe, sensa zake nazo zipangwe upya. Baada ya hapo osha springi kwa maji yasiyo na chumvi kila ukitoka ufukweni, na kila ukibadilisha oili muombe fundi amulike mzunguko wa chini kwa tochi.