Daimler DS420 la maiti: mbele kiwanda, nyuma seremala

Siku lilipofika getini, jirani yangu alivuka barabara, akanishika mkono na kuniambia, "Pole sana." Nikamjibu kwamba hajafa mtu, nimenunua gari tu. Akalizunguka mara moja, akachungulia lile jukwaa tupu nyuma ya vioo, akarudi kwake bila kuuliza la pili. Sasa ni miezi kumi na minne. Nimeliendesha, nimelifungua, nimelifunga tena, na nadhani ninaweza kulisema.

Ni Daimler DS420, la tatu katika magari yangu ya maiti. Modeli hii ilitengenezwa kuanzia 1968 hadi 1992, juu ya sakafu ya Jaguar 420G iliyorefushwa kwa sentimita 53 hivi. Limuzini zilitoka zimekamilika. Gari la maiti lilitoka nusu: pua, kioo cha mbele, usukani na injini, likaendeshwa hivyo hivyo, mgongo wazi, hadi kwa fundi bodi. Woodall Nicholson waliyamalizia haya ya maiti, na Startin wa Birmingham, na Alpe & Saunders. Langu lilimaliziwa na karakana ndogo ambayo sijaijua hadi leo. Kibati chake kilikuwa kizingitini mwa mlango. Yamebaki matundu manne ya skrubu na kivuli cha mstatili kwenye rangi.

Kwa hiyo mtu akikusifia DS420 lake la maiti, muulize kwanza nyuma alijenga nani. Kutoka kioo cha mbele kwenda puani yote ni mapacha. Kurudi nyuma, hata mawili ya karakana moja yanaweza yasilingane urefu wa dirisha.

Injini nitaipita haraka. Ni XK ya lita 4.2, silinda sita, kabureta mbili, gia za kujibadilisha zenyewe. Spea si shida, maana injini za ukoo huo zilifungwa kwenye Jaguar za kila aina. Inavuta kwa upole, na inakunywa mafuta kama ngamia aliyefika kisimani. Ila usidanganywe na kilomita chache. Langu lilisoma 58,000 na muuzaji akalitaja hilo kila baada ya sentensi mbili. Gari la maiti hutembea mwendo wa waenda kwa miguu, husimama likinguruma, kisha huzimwa kabla injini haijashika moto sawasawa. Plagi nilizikuta na masizi, oili nyeusi tii, radieta imeziba nusu. Hesabu saa, kilomita achana nazo.

Mimi ni seremala wa samani, na pesa yangu niliitolea ile nyuma. Kiunzi cha langu ni cha mbao ngumu, kimevikwa bati la alumini. Upinde wa paa umeunganishwa vipande vitatu, ulimi ndani ya tundu, gundi na kigingi, na maungio mawili kati ya manne niliyoyafikia hayapitishi hata wembe. Jukwaa ni la mahogani. Lina rola kumi na mbili za mpira na safu mbili za matundu ya shaba, ambamo pini huchomekwa kuzuia jeneza lisiteleze. Nilipandisha kasha langu la zana, kilo sabini na ushee, nikalisukuma kwa kidole kimoja. Likaenda hadi mbele kimya kimya, likagusa kizuizi. Nililirudisha na kulisukuma tena, mara nne au tano, kwa raha tu.

Nilipong'oa jukwaa nilikuta hesabu ya penseli upande wa chini wa ubao. Fundi alitoa namba mbili, akakosea kukopa, akachora mstari juu ya jibu na kuandika jingine pembeni kwa hasira, maana penseli imechimba. Ubao wenyewe umekatwa kwa kipimo kilichosahihishwa. Nimeupiga msasa kote isipokuwa hapo.

Sasa machungu. Muuzaji, ambaye simtaji, aliniapia kuwa bodi ni nzima. Mimi mwenyewe nilipiga konzi nguzo ya nyuma kushoto, nikasikia sauti ya ukuta badala ya sauti ya bati, na bado nikalipa, kwa sababu lilikuwa linang'aa na mimi nilikuwa nimeshapenda. Chini ya rangi kulikuwa na pati, ule ujiuji mgumu wa kuzibia mabonde ya bodi, nene kama kidole. Chini ya pati, mbao iliyooza hadi bisibisi ikaingia mpaka kwenye mpini. Maji yalikuwa yakishuka kutoka kwenye mpira wa mlango wa nyuma na kutuama humo, na kila skrubu ya chuma iliyoshika alumini ilikuwa imezungukwa na unga mweupe, kwa kuwa metali hizo mbili zikikutana penye maji, alumini ndiyo inayoliwa. Mlango wenyewe ulikuwa umelala milimita tisa. Hiyo ndiyo dalili niliyopaswa kuiangalia kabla ya kitu kingine chochote: fungua mlango wa nyuma, uachie, tazama unaporudi kama unapanda kizingiti. Ukipanda, nguzo imekwisha. Nguzo mpya imenichukua wiki tatu za jioni.

Vioo vya ubavuni ni bapa, na hilo ni neema, kwani mkata vioo yeyote anayefanya kioo cha usalama atakutolea kwa kipimo. Vile viwili vya kona vilivyopinda ni hadithi nyingine. Kimoja changu kina ufa, na kitabaki na ufa wake.

Rafiki yangu mmoja anakusanya ya Kimarekani tu, Cadillac zilizojengwa na Superior na Miller-Meteor, na hunicheka. Ana haki kidogo. Cadillac ilitoa chesisi maalumu kwa kazi hii, ndefu na imara, na wajenzi wale walifuata mtindo wa mwaka, kwa hiyo akipoteza pambo la ubavuni, lile la chuma lenye umbo la S lililorithiwa kutoka kwenye mikono ya paa la kukunja la magari ya farasi, anaweza kulipata kwenye ndugu yake. Ana hata chama cha kuuliza, Professional Car Society, kilichoanza 1976. Mimi kitasa kikinivunjikia naenda kwa mfua shaba na kiporo cha kile cha zamani mkononi. Lakini lake nimelikagua chini ya jukwaa kwa tochi, na hakuna hesabu ya mtu.

Kama huna zana za mbao, au humjui mwenye nazo, tafuta limuzini. Ni gari lile lile, na watu watakaa ndani. Mwenye randa na uvumilivu, la maiti litamfaa. Nampa fundi asiye na jina nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya tone moja linaloingia kona ya kushoto kila mvua inaponyesha. Nimebadilisha mpira, nimeziba kila mshono, nimelala juu ya jukwaa na tochi huku mwanangu akimwagia paa maji kwa mpira wa bustani, na sijaona linapopita. Kwa sasa kuna kikopo pale.