Sili za shokapu za mbele kwa Honda XR150L: za bei rahisi, za Japani, na kipande cha eksirei

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Sili ni zile pete za raba zinazozuia oili ya shokapu isitoke, na za kampuni ya NOK ya Japani ni nzuri, zimekaa, na nikihitaji tena nitanunua hizohizo. Lakini kama shokapu yako imeanza kuvuja leo, usikimbilie dukani. Huenda sili bado ni nzima, imeingiwa na mchanga tu. Na kama paipu ya kromi ina kutu, hata sili ya bei gani haitakusaidia.

Pikipiki yangu ni Honda XR150L, niliipata mnadani baada ya mradi mmoja kufunga shughuli zake. Kazi yake ni kunipeleka vijijini huku Kilolo, mkoani Iringa. Kifuku udongo mwekundu unajaa hadi juu ya madigadi, kiangazi unageuka vumbi linaloingia mpaka ndani ya saa ya mkononi. Vyote viwili ni adui wa shokapu.

Kuvuja kwenyewe kulianza na duara jembamba la oili kwenye paipu ya mguu wa shokapu wenye diski ya breki, limeshika vumbi. Baadaye oili ikawa inatiririka chini hadi kwenye kalipa. Hapo ndipo pa kuogopa, na wengi hawaoni. Watu husema "inavuja kidogo tu, nitaongeza", kumbe ile oili ikishalowesha pedi, ukiwa kwenye mteremko unabana breki na pikipiki inaendelea kwenda zake. Pedi zilizolowa mimi sikuzichoma moto wala kuzifua kwa petroli kama nilivyoshauriwa kijiweni. Nilinunua mpya, diski nikaifuta kwa tina.

Fundi wa kwanza aliitazama akiwa amesimama, akasema, "Kaka, sili zimekufa hizo. Lete 8,000 nikachukue." Akarudi na pea moja kwenye nailoni isiyo na jina la kampuni wala nchi. Ya zamani akaing'oa kwa bisibisi, mpya akaigongea kwa bisibisi ileile, upande huu kisha upande ule, halafu akamimina oili ya injini iliyobaki kwenye kopo. Ikawa kavu, kweli, lakini mbele ikawa ngumu, kila jiwe unalipata mabegani. Mvua hazijaisha ikavuja tena.

Zile sili za 8,000 nilipozitoa baadaye, moja ilikuwa na mchaniko kwenye mdomo wa ndani, sawasawa na ncha ya bisibisi. Ndiyo maana sizitukani sana. Raba yake ni ngumu kidogo na springi yake nyembamba, lakini aliyeziua ni nyundo na paipu. Ukikwama porini na huna kingine, ziweke, ila zifungwe kwa adabu.

Kuhusu paipu, kipimo ni ukucha wa kidole gumba. Upitishe polepole juu ya kromi, kuanzia chini ya kishikio kinachobana miguu ya shokapu kwa juu hadi kwenye sili, ukizunguka pande zote. Ukucha ukinasa mahali, hapohapo ndipo mdomo wa sili unapokwanguliwa kila shokapu ikipanda na kushuka. Kwa XR lazima kwanza upandishe zile raba za mikunjo. Raba hizo nazipenda, zinazuia mawe na tope, ila maji yakishaingia ndani yake hayatoki upesi, na kutu inakua mahali ambapo huioni. Kwangu nilikuta vidoa vitatu vinne, kimoja kina shimo la kuingia ncha ya sindano.

Vidoa vidogo niliviondoa kwa msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, nikiulowesha kwa oili. Msasa uzungushe kuizunguka paipu, usiupeleke juu na chini, kwa sababu mkwaruzo wa wima ni mfereji wa oili kupandia. Kile kishimo nilikisafisha kwa tina, nikakijaza gundi ya chuma ya mirija miwili, nikaiacha ikauke usiku kucha, asubuhi nikaisugua hadi ukucha ukapita bila kusikia kitu. Ukiwa na hela nunua paipu mpya. Mimi bei nilipoiuliza niliaga.

Sasa hizo NOK. Niliagiza Kariakoo, zikaja kwa basi, pea 45,000. Usiagize kwa jina la pikipiki peke yake, soma namba tatu zilizoandikwa kwenye sili ya zamani. Ikiandikwa mfano 41x54x11, ya kwanza ni unene wa paipu inayopita ndani, ya pili ni upana wa nje, ya tatu ni kimo, zote kwa milimita. Ya pili ikipishana kidogo tu, sili ama haiingii au inaingia inacheza. Nilipozishika mkononi tofauti niliiona: maandishi yamekaa vizuri hata kwa kidole unayasikia, raba inakunjika na kurudi, na ile springi nyembamba ya ndani imelala sawa mduara mzima. Feki zenye jina hilohilo zipo sokoni, kwa hiyo mwambie muuzaji akupigie picha ya sili yenyewe upande wa springi. Boksi kila mtu anachapisha.

Kazi nilimpa fundi mwingine, mzee wa makamo aliyezoea pikipiki za miradi, na masharti yangu yalikuwa mawili: nishinde naye hapo, na bisibisi isiguse mdomo wa sili. Alicheka tu. Kabla hajachomoa miguu alilegeza kwanza vifuniko vya juu, miguu ikiwa bado imebanwa kwenye kishikio. Ukishaichomoa utahangaika kuishika, na kile kifuniko kina springi chini yake. Kikiruka usoni si mchezo.

Kizungumkuti kikaja chini. Kule chini ya mguu kuna boliti ya alenki inayoshika fimbo ya ndani. Ukiizungusha, fimbo nayo inazunguka, na boliti haitoki ng'o. Nimeona watu wakiipeleka kwa mchomeleaji. Mzee alimwagiza kijana wake alete mpini wa fagio, akauchonga ncha kwa panga mpaka ukawa mwembamba, akautumbukiza kwa juu mahali springi ilipotoka, akaugandamiza kwa uzito wake wote. "Zungusha sasa, mwanangu." Ikatoka. Washa ya shaba ya boliti hiyo alinionyesha ilivyobonyea, akaniambia nayo inavujisha, tubadilishe. Tukabadilisha.

Sili mpya huwekwa baada ya mguu kuoshwa ndani kwa mafuta ya taa na kukaushwa kabisa. Upande wa springi unatazama chini kwenye oili, upande wa maandishi unatazama juu. Kwenye ncha ya paipu tulivisha nailoni iliyopakwa oili ili mdomo usikatwe wakati unapita. Mifuko ya rambo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, basi nailoni ya kufungia mkate ikafanya kazi. Kuigongea chini tulitumia kipande cha bomba la PVC, pana kuliko paipu, jembamba kuliko sili, kimekatwa sawa. Linagusa sili mduara wote kwa pamoja, na mlio wa nyundo unabadilika sili ikifika mwisho. Ndipo ile klipu ya chuma inakaa kwenye mfereji wake. Klipu isipokaa, sili haijafika, usiilazimishe.

Oili aliyopendekeza ni ya gia otomatiki, ATF. Uzito wake unakaribia ile 10W ya shokapu na inapatikana hata vituo vya mafuta vya mjini, wakati ya shokapu yenyewe Iringa ni ya kutafuta. Tulipima kwa bomba la sindano la hospitali, mguu mmoja sawasawa na wa pili, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kuzidisha hakuna faida: hewa iliyobaki juu inabanwa mno na inasukuma sili kutoka ndani. Gurudumu liliporudi, kabla ya kukaza ekseli alinikalisha nikabana breki na kuibonyeza mbele mara kadhaa, ili miguu ijipange yenyewe. Mguu ukikaa mshazari unaila sili upande mmoja.

Tangu hapo nimepita kifuku kizima na mguu ule ni mkavu. Mguu wa pili ndio uliniletea hadithi ya eksirei, kwa sababu nao ulianza kutoa duara lilelile la oili, na sili zake zilikuwa mpya. Sikufungua kitu. Nilikata kipande cha picha ya zamani ya eksirei ya goti, upana wa vidole viwili, nikakifanyia kindoano kidogo pembeni na kuziviringa kona zote kwa mkasi. Ukishapandisha raba ya vumbi, ile inayoifunika sili kwa juu, unakichomeka taratibu kati ya paipu na sili, unakizungusha mduara mzima, unakitoa, unakifuta, unarudia. Kilichotoka kilikuwa uji mweusi wenye chembe za mchanga, tatu zinaonekana kwa macho. Nikafuta, nikaibonyeza shokapu, nikafuta tena. Haijavuja. Motion Pro wa Marekani wanauza kidude cha plastiki cha kazi hii, kinaitwa Seal Mate, na kama una ndugu anayekuja na begi mwagize, hakipindi ovyo kama filamu. Usithubutu kutumia bati wala kisu.

Nyota: sili za NOK nazipa nne kati ya tano. Moja nimeinyima kwa sababu pea niliyouziwa haikuja na raba za vumbi, ambazo unazinunua pembeni, na kurudisha raba za vumbi zilizopasuka juu ya sili mpya ni kuitupa 45,000. Sili za nailoni nazipa mbili, kwa dharura. Eksirei haina bei, ila omba ruhusa kwa mwenye goti kwanza. Mzee wangu aliitafuta picha yake wiki nzima.