Mafuta ya kuzuia kutu kwenye vaisi na chaki za mashine: nimeyapanga, kuanzia la kununua kwanza mpaka la kuacha dukani

Wakuu mnaoshinda kwenye leth (mashine ya kukerezea) na milingi (mashine ya kuchonga chuma), hii naandika hasa kwa walioko pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, maana kwetu hewa yenyewe ina chumvi na chuma kikilala wazi usiku mmoja tu wa masika asubuhi unakikuta kimeshabadilika rangi. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia kopo la spray la kwanza wanalolikuta hadiwea, wiki mbili kutu imerudi, afu wanasema hii vaisi chuma chake kibovu. Sio chuma. Vaisi nyingi za mashine (jiliwa kwa wale wa shule ya zamani, kile kinachobana chuma unachokichonga) ni chuma cha kumimina, iwe Kurt ya Marekani, Vertex ya Taiwan au ile isiyo na jina, na pale palipochongwa pakabaki bila rangi hakuna iliyo salama. Tofauti inaletwa na ulichopaka na kama umepaka mahali penyewe.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Tulifunga karakana siku nne za Idi, vaisi ya inchi 6 tumeiacha imefungwa juu ya meza ya milingi, jana yake tumekata kiwi (ule mfereji wa ufunguo) kwenye shafti ya boti na kulanti, yale maji ya kupoza, inamwagika muda wote. Juu tulifuta vizuri tukapaka oili, roho zikatulia. Tumerudi, juu safi kabisa, nalegeza bolti niigeuze, haitoki. Nimeigonga kwa nyundo ya plastiki mpaka imeachia na chini yake nyekundu tupu, meza ina alama ya umbo la vaisi mpaka leo. Nilipoweka dayal geji (kipimo cha mshale) vaisi haikai sawa tena, ikabidi nisugue chini kwa jiwe la mafuta pole pole karibu siku nzima. Kulanti ilikuwa imepenya chini ikakwama huko, na sisi tulikuwa tunapaka oili mahali ambapo jicho linaona tu.

Kitu kingine watu hawakijui ni hii chumvi inavyofanya kazi. Chumvi ya kawaida, unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75 inaanza kunyonya maji hewani yenyewe mpaka inalowana, na Dar asubuhi tunapita hapo karibu kila siku. Kwahiyo ukishika taya za vaisi kwa mkono wenye jasho, ile alama ya vidole ni tone la maji ya chumvi lisilokauka, ndo maana unakuta kutu imechora vidole vyako kabisa. Futa kabla hujapaka chochote, vinginevyo unaifungia chumvi ndani.

Sasa tuje kwenye kununua. Kabla hujatoa hela jiulize: hiki chombo kinafanya kazi kila siku au kinalala? Na kinamwagiwa kulanti au hapana? Mimi nimepanga kwa kufikiria karakana ya kawaida, vaisi moja au mbili za kila siku, chaki ya leth (ile inayoshika chuma kikizunguka), na droo ya kolleti (vishikio vidogo vya kubania kikataji) na vyuma vya kunyanyulia kazi (vile unavyoweka chini ya chuma ndani ya vaisi).

Namba moja kwangu ni oili ya slaidi, yaani ya sehemu za mashine zinazotelezeana, ile yenye uzito wa 68. Nenda kwa wauza vilainishi sema unataka oili ya slaidi za mashine, Mobil Vactra No. 2 au Shell Tonna ya 68 zote nzuri. Hii imetengenezwa ing'ang'anie kwenye slaidi, ina kitu cha kunata ndani yake, haishuki kirahisi na kulanti haiiondoi haraka kama oili ya injini. Unapaka kwa kitambaa, nyembamba, kila jioni, dakika mbili. Na kubwa zaidi, unaipaka CHINI ya vaisi na juu ya meza kabla hujafunga, afu unaifuta mpaka inabaki kama mng'ao tu, maana oili nene chini ya vaisi inabeba chenga za chuma na vaisi inakaa upande. Shida yake mara nyingi inauzwa ndoo ya lita 20, sisi tulichanga mafundi wanne tukagawana. Ukipiga hesabu kwa lita inakuja chini sana kuliko makopo ya spray, na mashine yako yenyewe si inahitaji hiyo hiyo oili. Ila usiitegemee kwa chombo kitakachokaa miezi bila kuguswa.

Namba mbili, lanolini, yaani mafuta yanayotoka kwenye manyoya ya kondoo. Fluid Film ndo jina linalojulikana zaidi, ilianzia kwenye meli za jeshi la majini la Marekani miaka ya 1940, na ukifikiria meli na chumvi utaelewa kwanini inafaa huku kwetu. Inatambaa yenyewe kuingia kwenye kona, kwahiyo naipenda kwenye skrubu ndefu ya vaisi, kwenye mifereji ya meza, na sehemu za ndani za vaisi ambazo tambara halifiki. Haikauki kabisa, inabaki laini, ukiikwaruza inajirudisha. Ubaya wake inanata vumbi, na ukiipaka nje ya chaki afu ukawasha leth kwa kasi itakurukia usoni na ukutani, kwahiyo kwenye chaki futa kwanza. Kama huipati, kuna njia ya wenyewe: tafuta lanolini tupu ile inayouzwa kwa ajili ya vipodozi, sehemu moja ya lanolini kwa nne za waiti spirit (ile ya kuyeyushia rangi), acha iyeyuke taratibu kwenye chupa juani, usiweke jikoni hata kwa bahati mbaya, hiyo inawaka.

Tatu ni nta ngumu ya kopo, ile unayopaka, inakauka, unang'arisha. Hii naweka juu ya meza ya milingi, kwenye angle pleti (pembe ya chuma ya kufungia kazi), na kwenye uso wa vaisi pale ambapo sitaki kunata maana kazi inatakiwa ikae moja kwa moja kwenye chuma. Haishiki vumbi, mkono wa jasho hauipenyi haraka. Soma kopo, usichukue ya gari yenye silikoni kama jirani yako anapaka rangi, silikoni ikimfikia rangi yake inatoka vishimo vishimo na mtagombana. Ile polishi nyekundu ya sakafu nayo achana nayo, unapaka rangi bure na kesho hujui hii ni kutu au polishi. Kwa vipimo kama venia na geji kuna nta inaitwa Renaissance, ilitokana na kazi ya British Museum huko Uingereza ya kutunza vitu vya makumbusho, kikopo kidogo lakini unatumia kidogo mno, ukiwa na ndugu anakuja kutoka huko muagize.

Ya nne ni spray za nta nzito, LPS 3 au Cosmoline, zinazoacha ngozi inayokauka nusu. Kwa vaisi inayolala hizi zinaipiku oili ya slaidi mbali sana, nimeziweka hapa kwa sababu tu wengi wetu vyombo vyetu havilali. Umenunua vaisi ya pili kwa mnada na huna kazi nayo mpaka mwakani? Hii ndo yenyewe. Siku ya kuitumia osha kwa mafuta ya taa mpaka iishe, maana ikibaki kwenye taya au chini kipimo chako kinadanganya na hujui kwanini.

Halafu karatasi za VCI, hizi zinastahili maelezo kidogo. Ni karatasi ya kaki imelowekwa dawa inayotoa mvuke, mvuke ule unatua kwenye chuma na kukilinda bila wewe kupaka mafuta. Kwa kolleti, ambazo hutaki mafuta mazito ndani yake, mimi naona hakuna kinachoishinda. Lakini inafanya kazi kwenye kitu kilichofungwa tu, boksi lenye mfuniko, droo inayobana, mfuko wa plastiki. Nimeona mtu ameifunika juu ya vaisi mezani kama kitambaa cha mkate, mvuke wote umeenda na upepo. Na weka chombo kikiwa safi kimekauka, karatasi haitoi maji yaliyokwishaingia.

Vaselini ya dukani, ile tupu isiyo na manukato, ni ya sita na haina aibu. Kama leo huna hela ya kitu kingine, paka vaselini kwenye vyuma vya kunyanyulia kazi, funga kwenye nailoni, vitakaa. Kwenye mashine inayofanya kazi haifai, inakamata chenga.

WD-40 najua mtauliza. Jina lenyewe linakuambia, ni kifupi cha kufukuza maji, na 40 ni jaribio la arobaini, walitengeneza San Diego mwaka 1953. Kufukuza maji inafukuza kweli, mimi ninalo kopo karakana na nalitumia kila baada ya kulanti: napuliza, nafuta, napaka oili ya slaidi. Lakini sehemu kubwa ya lile kopo ni kiyeyushi kinachoruka hewani, kinachobaki ni chembamba sana kwa hewa ya pwani. Ukiishia hapo hujalinda kitu. (Wana toleo lingine la Specialist la kuzuia kutu muda mrefu, lile ni kitu tofauti na linaingia kundi la namba nne.)

Za kuacha: oili chafu ya gari kwanza. Najua ni ya bure na najua wazee wetu wameitumia, lakini ina tindikali na maji ya kwenye injini, na ina vitu vinavyoleta kansa ya ngozi, wewe unaishika kila siku mikono mitupu, tafadhali acheni. Grisi kwenye taya na chini ya vaisi hapana, chenga zinajenga nyumba humo. Mafuta ya taa ni ya kuoshea, yakishakauka hakuna kilichobaki. Mafuta ya nazi yanachacha.

Na kama unatumia kulanti, kabla ya haya yote nunua kile kipimo kidogo cha kuchungulia kwa jicho kinachosoma ukali wake. Kulanti nyingi zinataka kati ya asilimia 5 na 10, angalia na kopo linasemaje kuhusu namba ya kuzidishia unachosoma kwenye kipimo. Tunachofanya wengi ni kuongeza maji tu yakipungua, tena maji ya kisima yenye chumvi, mpaka siku moja unamwagia vaisi maji ya bahari na unajiuliza kutu inatoka wapi.

Kwa kabati la vyombo weka taa ya zamani ya waya, ya wati 40 inatosha kabati dogo, sio LED maana LED haitoi joto la kutosha. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80 ukiipasha nyuzi 5 tu inashuka mpaka kama 60, na hapo kutu inapungua kasi sana. Ifunge kwa kishikio cha kauri, iwekee wavu, na iwe mbali na makaratasi na makopo ya spray.