Muziki wa Ghostbusters wa Elmer Bernstein: ununue toleo lipi?

Miaka kadhaa iliyopita niliagiza kutoka ng'ambo santuri ya Ghostbusters, filamu ya kuchekesha ya wawinda mizuka. Picha ya jalada ilikuwa ndiyo yenyewe, mzuka mweupe ndani ya duara jekundu, na muuzaji alikuwa ameandika kwamba ni muziki wa filamu. Ilipofika niliifungua pale pale posta, nikageuza jalada na kusoma orodha. Vipande kumi. Jina la Elmer Bernstein, mtunzi wa muziki wa okestra wa filamu hiyo, lilikuwa kwenye viwili tu. Vilivyobaki vilikuwa vya Ray Parker Jr., Air Supply, Thompson Twins, Laura Branigan na wenzao.

Nyimbo zile nazipenda, lakini sizo nilizotuma pesa. Nilitaka piano ile inayotembea kwa maringo nyuma ya mwigizaji Bill Murray, na ile sauti ya ajabu inayolia kabla mzuka haujaonekana. Kwa hiyo kabla sijapanga matoleo kuanzia la kwanza hadi la mwisho, shika hili moja: nyimbo za filamu na muziki wa filamu ni bidhaa mbili. Albamu ya nyimbo huandikwa "soundtrack", na muziki wa okestra huandikwa "score". Usipoliona neno "score", au jina la Bernstein kwa herufi kubwa kwenye jalada, muulize muuzaji akutumie picha ya upande wa nyuma kabla hujalipa.

Mkanganyiko huu una historia yake. Filamu ilitoka Juni 1984 chini ya mwongozaji Ivan Reitman, na kampuni ya Arista ikatoa albamu ya nyimbo. Wimbo wa Ray Parker Jr. ulikaa namba moja Marekani kwa wiki tatu mwezi Agosti mwaka huo. Nani angehangaika na okestra? Muziki wa Bernstein ulibaki ndani ya filamu kwa miaka 22, hadi kampuni ya Varèse Sarabande walipoutoa kwa CD mwaka 2006, nakala 3,000 tu kwa dunia nzima. Ziliisha, bei ya mitumba ikapanda, na sisi wengine tukabaki tunatazama picha zake mtandaoni. Ndiyo maana mwaka 2019, filamu ilipotimiza miaka 35 na Sony Classical wakautoa upya kwa CD, kwa mafaili na kwa santuri, wakusanyaji walishangilia kweli. Nami nilikuwa mmoja wao.

Kwa nini furaha yote hiyo kwa muziki wa filamu ya kuchekesha? Bernstein alikuwa mtu wa filamu nzito: The Ten Commandments mwaka 1956, The Magnificent Seven mwaka 1960, To Kill a Mockingbird mwaka 1962. Mwaka 1978 John Landis alimwita aandike muziki wa Animal House, filamu ya wanafunzi watundu, akamwomba aiandikie kama vile ni tamthilia ya kweli yenye mambo mazito. Siri yake ikawa hiyo. Okestra haicheki. Watu wakifanya upuuzi kwenye skrini, ala zinawachukulia kama mashujaa, na hapo ndipo mbavu zinapokuuma. Alirudia dawa hiyo kwenye Airplane!, Stripes na Trading Places, kisha ikaja Ghostbusters, ambako kazi iliongezeka ugumu: muziki uleule uchekeshe na utishe.

Kazi ya kutisha aliikabidhi kwa ala iitwayo ondes Martenot, iliyobuniwa na Mfaransa Maurice Martenot na kuonyeshwa hadharani mwaka 1928. Ina vibao kama kinanda, lakini mpigaji anaweza pia kuvaa pete kidoleni iliyofungwa kwenye uzi, akaivuta kushoto na kulia, na sauti ikateleza bila kukatika. Huko juu inasikika kama mtu anayeimba amefumba mdomo katika chumba cha pili. Angalia mwanzo wa filamu, kwenye maktaba kuu ya New York: mkutubi anapita katikati ya makabati, droo zinafunguka nyuma yake, kadi zinaanza kuruka. Kabla kadi ya kwanza haijatoka, ondes imeshakwambia kuna kitu. Bernstein aliiongezea pia sinthesaiza (vinanda vya umeme) za Yamaha DX7, ambazo mwaka 1984 zilikuwa bado mpya, na ukisikiliza kwa makini utazisikia zikimeremeta juu ya nyuzi.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tuna sababu ya ziada. Filamu za Kizungu tulizitazama mtafsiri akiwa ameshika maikrofoni, anaongea juu ya kila kitu. Alikuwa fundi na nilimpenda, ila okestra ilikuwa chini ya maneno yake mwanzo hadi mwisho. Mara ya kwanza nilipousikiliza muziki huu peke yake nilihisi nimeonyeshwa chumba kizima katika nyumba niliyodhani naijua.

Sasa tuje kwenye manunuzi.

Namba moja: CD ya Sony Classical ya 2019

Hii ndiyo ninayomshauri kila anayeniuliza, hata mwenye uwezo wa kununua ghali zaidi. Muziki wote uko kwenye diski moja, husimami kugeuza upande, na kuna vipande ambavyo toleo la 2006 halikuwa navyo. Ndani yake kuna kijitabu chenye maelezo ya Peter Bernstein, mtoto wa mtunzi, ambaye alikuwa mmoja wa waliopanga muziki huu kwa ajili ya okestra mwaka 1984. Kisome huku unasikiliza. Baba yake alifariki mwaka 2004, kwa hiyo maelezo ya mtu aliyekuwa pale kazini hayapatikani kila siku.

Utamu mkubwa zaidi ni vipande ambavyo filamu iliviweka kando. Mtambo wa kuhifadhia mizuka unapozimwa na mizuka inatapakaa angani juu ya New York, kwenye filamu unasikia wimbo wa Mick Smiley, "Magic". Bernstein alikuwa ameandika muziki wake wa tukio hilo. Huwezi kuusikia kwa kutazama filamu, hata ukiitazama mara mia. Kwenye CD upo.

Kwa anayeagizia Afrika Mashariki kuna na hesabu ya mzigo. CD ni nyepesi, inaingia kwenye bahasha ndogo yenye mapovu, na nauli yake haiwezi kulinganishwa na ya santuri. Ikifika, siku hiyohiyo inakili kwenye kompyuta kwa mafaili ya FLAC, yasiyopunguza ubora wa sauti, kisha weka moja kwenye simu na moja kwenye flashi. Hapo hata mashine ya CD ya nyumbani ikifa, muziki unao.

Ukiipata ya mkono wa pili, mwombe muuzaji apige picha ya diski chini ya taa, kisha picha ya kijitabu kikiwa kimefunguliwa. Michirizi midogo haina neno. Kinachonitia wasiwasi ni kurasa zilizogandana, kwa sababu zinaonyesha CD ilikaa penye unyevu. Sisi wa Pwani tunaijua hali hiyo.

Namba mbili: mafaili, muziki uleule wa 2019

Huna mashine ya CD na hutaki kuhangaika na posta? Nunua mafaili. Ni rahisi kuliko vyote na unasikiliza usiku huohuo. Kama duka linakupa chaguo, chukua yasiyobanwa badala ya MP3, maana sehemu za kimya za muziki huu zina mambo mengi: pumzi ya filimbi, mtetemo wa ondes unapozimika taratibu. MP3 iliyobanwa sana inavila hivyo kwanza. Kusikiliza kwa kulipia kila mwezi nako ni sawa kwa kuonja, lakini kwangu huko si kununua, kwa sababu haki zikihama albamu inaweza kutoweka kesho.

Kilichonifanya niyaweke nyuma ya CD ni kijitabu tu.

Namba tatu: santuri za Sony za 2019

Hapa ninajua baadhi ya wasomaji watakasirika. Santuri ni nzuri kushika, jalada kubwa linapendeza ukutani, na kwa mara ya kwanza muziki kamili wa Bernstein ulipata umbo ambalo ungepaswa kupewa mwaka 1984. Kama unayo gramafoni nzuri yenye sindano isiyochakaa, na unapenda ile shughuli ya kukaa na kusikiliza upande mmoja hadi mwisho, ipandishe hadi namba moja na sitabishana nawe.

Sababu zangu za kuiweka tatu ni hizi. Santuri inayozunguka mara 33 kwa dakika hubeba dakika ishirini na kidogo kwa upande ikiwa unataka sauti safi, kwa hiyo kazi hii imegawanywa kwenye santuri mbili. Vipande vya Bernstein vingi ni vifupi, vinashikana mkono kuelekea lile pambano la mwisho juu ya jengo, na kila unaponyanyuka kugeuza, uzi unakatika. Sauti za juu sana za ondes nazo zinaidai sindano; karibu na katikati ya santuri, ambako mawimbi ya sauti yanabanana ndani ya mfereji, sindano hafifu huzikwaruza.

Kisha joto. Santuri mbili na maboksi yake ni zaidi ya nusu kilo, zitakaa siku kadhaa kwenye ghala na kwenye gari lililofungwa, na plastiki ya santuri haipendi jua la saa nane mchana. Mwombe muuzaji azitoe santuri kwenye jalada na kuziweka nyuma yake, ili zisilichane njiani, na azibane kati ya makaratasi mawili magumu. Ukizipokea, ilaze kila moja juu ya kioo cha meza kabla ya kuipiga. Ikiyumba kidogo kama sahani iliyopinda, piga picha na umwandikie muuzaji siku hiyohiyo. Na ukishazihifadhi, zisimamishe wima kama vitabu, mbali na dirisha.

Namba nne: CD ya Varèse Sarabande ya 2006

Niliitamani hii kwa miaka. Kwa miaka 13 ilikuwa ndiyo njia pekee halali ya kuwa na muziki huu, na walioinunua mapema waliufanyia muziki huu wema, kwa sababu walithibitisha kwamba kuna watu wanaoutaka. Kama unayo, itunze.

Ila kama huna, usilipie uhaba. Nakala 3,000 ni chache, na wapo wauzaji ambao bado wanaandika bei kana kwamba mwaka 2019 haukutokea. Kabla ya kutuma senti, fungua Discogs, tovuti ya wanunuzi na wauzaji wa santuri na CD, tafuta toleo hilo, na utazame bei ambazo watu wamelipa kweli, sio bei wanazoombwa. Ukiipata kwa bei inayokaribiana na CD ya Sony, na wewe ni mkusanyaji unayetaka historia yote kwenye rafu moja, ichukue bila kujiuliza. Kwa kusikiliza tu, ya Sony inakutosha.

Wapo wenye toleo la kwanza wanaonung'unika kila muziki unapotolewa upya, kwamba thamani ya kile walichonunua imeshuka. Nawaelewa, pesa ni pesa. Lakini kijana aliyezaliwa mwaka 2006 sasa anaweza kuunasa muziki huu kwa bei ya kawaida, na watunzi vijana wanaujifunza. Filamu ya Ghostbusters: Afterlife ilipotoka mwaka 2021, mtunzi Rob Simonsen alizirudisha dhana za Bernstein waziwazi, na anayeujua muziki wa 1984 aliitambua piano ile katika ukumbi wa sinema kabla hata hajaona gari la wawinda mizuka.

Namba tano: santuri ya Arista ya 1984

Inapatikana kwa urahisi, kwa sababu iliuzwa sana, na ni furaha tupu ya miaka ya themanini. Inunue kwa ajili ya nyimbo. Kama unataka Bernstein, utapata "Main Title Theme" na "Dana's Theme", dakika chache tu. Nakala ya mkono wa pili isiyozidi bei ya chakula cha mchana, yenye daraja la VG+ (yaani iliyotumika lakini bado nzuri sana) au zaidi, haina hasara. Ile niliyoifungua posta bado ninayo. Upande wenye wimbo wa Ray Parker Jr. una mkwaruzo unaogonga kila mzunguko, kwa hiyo ninaipiga kwa ajili ya vile vipande viwili tu.

Ukishachagua na mzigo ukafika, usianze na kipande cha kwanza. Subiri nyumba itulie, vaa hedifoni, anza na "Dana's Theme". Nyuzi zinaingia kwa upole kama za filamu ya mapenzi ya zamani, unaanza kumwona Sigourney Weaver, mwigizaji wa Dana, akitembea na selo yake, na kisha ondes inapanda juu yake polepole, tamu na baridi kwa pamoja.