Mume wangu, mashine ya usingizi na nesi aliyetufundisha kuitumia

Naandika kuhusu huduma ya uuguzi tuliyopata mimi na mume wangu kwenye kliniki moja ya usingizi hapa Dar es Salaam, pamoja na nesi wao anayekuja hadi nyumbani. Jina la kliniki naliacha. Ninachotaka ni mwenye mgonjwa kama wangu, ambaye koo linajifunga na pumzi inakatika akiwa usingizini, ajue aulize nini popote atakapokwenda. Nimeridhika, tena sana, ingawa yapo mawili matatu ambayo hayakunipendeza na nitayasema.

Mume wangu ni dereva wa magari makubwa, njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Anakoroma tangu tuoane, na hilo halikuwahi kunitisha. Kilichonitisha ni pale mkoromo unapokatika. Kimya kabisa, kifua kinahangaika kupanda na kushuka lakini hewa haipiti puani wala mdomoni, halafu anashtuka, anavuta pumzi kwa kishindo na kuanza tena kukoroma. Asubuhi anaamka na kichwa kinachouma na mdomo mkavu, na usiku kucha ni safari za chooni. Presha haikushuka hata kwa dawa. Utingo wake alishanivuta pembeni akaniambia, "Mama Nuru, siku hizi tukishapita Mikumi inabidi nimsemeshe mzee njia nzima."

Kabla ya kliniki hii aliwahi kulazwa hospitali nyingine kwa sababu ya presha. Taa za wodi ziliwaka usiku kucha, vipimo vikachukuliwa saa ambazo ndiyo kwanza watu wanalala, na alfajiri kila mtu akaamshwa kuoga. Wagonjwa wenzake walipolalamikia mkoromo wake alihamishiwa kitanda cha karibu na mlango, basi. Hakuna aliyesimama pale dakika mbili kumtazama anavyopumua. Aliposema halali vizuri, akapewa vidonge vya usingizi. Leo najua kwamba kwa mtu ambaye koo lake linajifunga usingizini, vidonge vya aina hiyo vinaweza kuilegeza zaidi misuli ya koo na kuuzubaisha ubongo ambao ndio unaomshtua apumue. Nikikumbuka bado naumia, maana wodi yenye nesi wa zamu usiku ndiyo mahali ugonjwa huu ungeonekana kwa macho tu, bila mashine yoyote.

Kliniki ya usingizi ilianzia hapo hapo penye macho. Kabla ya daktari kumwona, sista alikaa nasi na karatasi ya maswali manane. Yanauliza una uwezekano gani wa kusinzia ukiwa umekaa unasoma, ukiangalia televisheni, ukiwa abiria garini saa nzima, ukiwa kwenye gari lililosimama kwenye foleni, na kadhalika. Kila swali lina alama sifuri hadi 3, jumla 24, na ukivuka 10 ujue unasinzia kupita kawaida. Kipimo hiki kinaitwa Epworth na kilitungwa Australia, kikatoka mwaka 1991. Mume wangu alijipa alama chache. Sista hakubishana naye. Alinipa mimi karatasi nyingine nijaze kwa ninavyomwona, kwenye chumba kingine, na yangu ikatoka mbali kabisa na ya kwake. Akaziweka zote mbili mezani, akamwambia kwa upole, "Baba, najua unaogopa kazi. Tuandike ukweli ili kazi yenyewe uweze kurudi nayo nyumbani mzima." Mtu aliyezoea kuhudumia madereva ndiye anayejua kwamba dereva atapunguza alama zake. Pia alimweleza bila kuzunguka kwamba asishike usukani mpaka tiba ianze kufanya kazi. Tulimwendea tajiri wake na barua ya daktari, akampa kazi ya yadi kwa muda.

Kipimo chenyewe alikifanyia nyumbani: mkanda kifuani, kamirija puani, kifaa cha kupima oksijeni kidoleni. Majibu yakaonyesha anakata au kupungukiwa pumzi mara 38 kwa saa, na kila tukio linalohesabiwa linadumu angalau sekunde 10. Kuanzia 30 kwa saa wanaita hali kali. Daktari akaandika mashine ya kupuliza hewa, ile inayojulikana kama CPAP, ambayo Colin Sullivan na wenzake waliibuni Sydney na kuitangaza mwaka 1981. Sista alitufafanulia kwamba hiyo si oksijeni. Ni hewa ile ile ya chumbani, inasukumwa kwa mgandamizo unaotosha kuliweka koo wazi. Maelezo haya yalinisaidia hata kwa majirani, maana wakishaona bomba na barakoa wanaanza kukupa pole kana kwamba mgonjwa yuko kwenye mtungi.

Sasa nije kwenye lile hasa lililonifanya niandike. Mashine peke yake ingekaa kabatini. Usiku wa kwanza mume wangu aliivua akasema inamziba. Usiku uliofuata akaivaa, hewa ikawa inamvuma machoni, na asubuhi ana alama nyekundu juu ya pua. Mimi nilikuwa nazidi kukaza mikanda kila hewa ilipovuja. Hivyo ndivyo muuzaji alivyotuonyesha dukani, mume wangu akiwa amekaa wima kwenye kiti na mashine haijawashwa.

Sista alipokuja nyumbani alimlaza kitandani, kwenye mto wake mwenyewe, ubavu anaoupenda. Akawasha mashine. Kisha akalegeza mikanda yote mpaka barakoa ikawa inaning'inia, akaivuta kidogo kutoka usoni na kuiachia ili mpira wake ujae hewa na ukae wenyewe, ndipo akakaza kidogo kidogo, kulia na kushoto kwa pamoja. Akalowanisha mgongo wa kiganja chake, akaupitisha taratibu kuzunguka kingo za barakoa kusikia hewa inatokea wapi. Ilikuwa inatokea chini ya jicho la kushoto na kwenye ndevu za shavuni. Akaniita nami nipitishe mkono, nikaisikia. Akasema mkanda ukikazwa kupita kiasi mpira unajikunja na uvujaji unaongezeka, na ngozi ya juu ya pua inachubuka. Ndevu zikapunguzwa siku hiyo hiyo. Pia aligundua kwamba mume wangu analala mdomo wazi, hivyo barakoa ya puani pekee isingemfaa, akatuandikia ya kufunika pua na mdomo.

Ile hofu ya kuzibwa aliitibu mchana. Alimwagiza akae sebuleni aangalie mpira, mashine inapuliza, barakoa ameishika kwa mkono bila mikanda, aiondoe anapotaka. Akishazoea ndipo afunge mikanda, akishazoea tena ndipo ajinyooshe nayo mchana. Mechi ya Simba na Yanga aliiangalia yote akiwa ameivaa, na baada ya hapo usiku haukuwa na ubishi. Alimwonyesha pia kitufe cha kuanza na mgandamizo mdogo unaopanda polepole wakati usingizi unamchukua. Kitufe kilikuwepo tangu siku tuliyoinunua.

Swali langu kubwa lilikuwa umeme. Ukikatika saa nane za usiku naye amezibwa pua na mdomo, itakuwaje? Sista hakuniambia nisiwe na wasiwasi. Alichomoa waya ukutani mume wangu akiwa ameivaa, akaninyooshea kidole kwenye kivalvu kidogo mbele ya barakoa. Hewa ilipokata kilifunguka, na mume wangu akaendelea kupumua hewa ya chumbani. Atarudi kukoroma, akasema, lakini hatazibwa. Tangu hapo nalala.

Kwenye maji alikuwa mkali. Kile kitangi kinachonyevusha hewa kinataka maji yaliyotoneshwa (distilled water), na mume wangu kwa udereva wake akaona rahisi, atachukua maji ya betri gereji. Alimkataza palepale, kwa sababu chupa za gereji zinafanana na nyingine zina asidi. Tunanunua duka la dawa. Kila asubuhi maji ya jana yanamwagwa, mpira wa barakoa unaoshwa kwa sabuni laini na kuanikwa kivulini, na kichujio kinakaguliwa kila wiki, maana vumbi la Tabata halina huruma.

Aliporuhusiwa kurudi barabarani, sista alitaka kujua analala wapi safarini. Analala ndani ya kabini, gari likiwa limeegeshwa. Akatuelekeza kutafuta kifaa cha kubadili umeme kinachokubaliana na mashine yetu na betri za lori za volti 24, akasema kiunganishwe na fundi wa umeme wa magari, si kwa kubahatisha waya. Usiku wa kutumia betri, kipasha maji kizimwe kwa sababu ndicho kinachokula umeme zaidi. Na kitangi kimwagwe kabla gari halijaondoka, maji yasije yakaingia kwenye mashine kwenye mashimo na kona za Kitonga. Utingo amefundishwa yote haya kwa simu.

Mashine inaweka kumbukumbu za saa alizovaa, uvujaji, na mikato ya pumzi iliyobaki. Sista anaisoma kadi yake kila tunapokwenda, na namba ya mikato sasa iko chini ya 5 kwa saa. Presha imeanza kusikia dawa. Chooni haendi ovyo usiku. Anaamka akizungumza, jambo ambalo wanangu walikuwa hawalijui kwa baba yao.

Yasiyonipendeza ni haya. Simu ya kliniki inapokelewa mchana tu, wakati shida za usingizi zinatokea usiku. Sista wetu alipokwenda likizo, aliyekuja badala yake hakuijua aina ya barakoa yetu na akairudisha mikanda ilivyokuwa mwanzo. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kiingereza kitupu, mpaka sista akatuandikia ya Kiswahili kwa mkono wake. Bima yetu haikulipa mashine, na bei yake inahesabiwa kwa milioni, kwa hiyo jipangeni. Ziara moja ya nesi, kwa upande mwingine, ilitugharimu chini ya bei ya barakoa moja ya akiba. Nawapa nyota nne kati ya tano, na sista mwenyewe ningempa zote.

Ukitafuta huduma ya namna hii, hakikisha kwanza nesi ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Halafu muulize kabla hujalipa: atamvalisha mgonjwa barakoa akiwa amelala na mashine inawaka, au amekaa kwenye kiti? Atarudi kusoma kumbukumbu za mashine, au ziara ni moja? Anayelala chumba kimoja na mgonjwa atafundishwa naye? Akisita kwenye hilo la mwisho, tafuta mwingine, kwa sababu saa nane za usiku barakoa ikianza kuvuja, mgonjwa amelala na wewe ndiye uliye macho.