Tabroom kwa mwanamdahalo wa mwaka wa kwanza: injini nzuri, maelekezo haba

Mwanafunzi wa darasa la tisa anayejiunga na klabu ya mdahalo katika sekondari nyingi za Marekani hukutana na Tabroom, tovuti ya kuendeshea mashindano ya mdahalo, kabla hajakutana na mpinzani wake wa kwanza. Humo ndimo kocha anamsajili, humo anajua yuko chumba gani na dhidi ya nani, na humo anasoma alichoandika jaji. Mtandao huu ni wa NSDA, chama cha mdahalo na usemaji kilichoanzishwa mwaka 1925. Mwanafunzi, mzazi na jaji hawalipi kitu kufungua akaunti. Ada ya mashindano ni hesabu nyingine, hiyo hupangwa na walioandaa.

Kazi ya kupanga raundi inaimudu vizuri sana. Kasoro yake ni kwamba imejengwa kwa kumtazama kocha na mwandaaji, mgeni ameachwa apapase mwenyewe.

Tuanze na akaunti, maana hapo ndipo wengi wanakwama. Tumia barua pepe binafsi badala ya ile ya shule. Mifumo ya shule nyingi huzuia ujumbe unaotoka nje, na arifa ya raundi isipofika saa mbili asubuhi haina kazi tena. Weka saa za eneo unaloishi. Kisha akaunti iunganishwe na jina lako kwenye orodha ya shule, na kocha ndiye anayeidhinisha. Bila muungano huo una akaunti tupu: hakuna raundi, hakuna maoni ya jaji. Familia zetu zina mtego wa ziada hapa. Mtoto aliyeandikishwa shuleni kwa jina la babu akifungua akaunti kwa jina la baba, mfumo hauoni kuwa ni mtu yuleyule. Andika jina kama lilivyo shuleni, herufi kwa herufi. Kumbuka pia kwamba msimbo wa timu kwa kawaida ni jina la shule pamoja na herufi za kwanza za majina ya mwisho ya wanamdahalo, kwa hiyo jina la mwisho likikosewa hata msimbo wako utakupotea.

Kocha akishasajili, hakikisha umewekwa daraja la wanagenzi, ambalo kwa kawaida ni la walio katika mwaka wao wa kwanza wa kushindana. Kila mashindano yana tafsiri yake, nayo imeandikwa kwenye mwaliko, ukurasa ambao karibu hakuna anayeusoma. Angalia hapohapo tarehe ya mwisho ya kujitoa. Ikipita, shule hulipa ada hata usipotokea, na mara nyingi na faini juu yake.

Siku yenyewe, kila kitu kiko kwenye “Pairings”, yaani orodha ya nani anakutana na nani. Mstari mmoja unakupa chumba, upande wako, msimbo wa mpinzani, jina la jaji na namba ya “Flight”. Hii ya mwisho ndiyo inayowachanganya wanagenzi. Jaji mmoja hupewa midahalo miwili mfululizo katika chumba kimoja. Ukiwa “Flight 2” unasubiri nje hadi wa kwanza wamalize. Anayeingia mapema anakatiza hotuba za wenzake, na anayekwenda kula akidhani ana saa nzima hurudi akakuta ameshapewa kushindwa. Mdahalo wa Public Forum, mtindo wa timu za watu wawili wawili, una hotuba za dakika nne, tatu na mbili, vipindi vya maswali vya dakika tatu, na dakika tatu za maandalizi kwa kila timu. Weka dakika arobaini hadi hamsini kwa kila pambano, hutakosea sana.

Katika mashindano kadhaa Public Forum pia ina kurusha shilingi: mshindi huchagua upande au nafasi ya kuzungumza, aliyeshindwa hupata kilichobaki. Mashindano mengine huirusha ndani ya Tabroom yenyewe, kwa muda maalumu. Usipobonyeza kwa wakati, mfumo unakuamulia. Jadilini na mwenzako usiku wa kuamkia mashindano mtachagua nini, si pale simu inapolia.

Sasa tuje kwenye kitu kinachoifanya Tabroom iwe na thamani kuliko ratiba ya ukutani: “Paradigms”. Bofya jina la jaji, utasoma alichoandika mwenyewe kuhusu namna anavyoamua, na chini yake orodha ya mapambano aliyowahi kuamua. Mwanagenzi atafute mambo matatu tu. Je, jaji anakubali usemaji wa kasi? Je, ni mzazi au ni mtu aliyewahi kushindana? Je, anataka hoja ya hotuba ya mwisho iwe imetajwa pia kwenye hotuba ya muhtasari inayoitangulia? Akiandika kuwa ni mzazi, punguza istilahi za mdahalo, zungumza kama unavyozungumza na mwalimu, na hesabu kwa sauti sababu zako mbili za kushinda. Akiwa hajaandika chochote, mchukulie kama mzazi. Dakika tano za kusoma ukurasa huu, kwa maoni yetu, zinamsaidia mwanagenzi kuliko kurasa ishirini za ushahidi ambazo hatapata nafasi ya kuzisoma.

Baada ya mashindano, maoni ya majaji huonekana pale mwandaaji atakapoyafungua. Alama za msemaji ni kati ya 30, na kwa kawaida huangukia 27 hadi 29, kwa hiyo tofauti ya nusu alama si ndogo. Wanaoanza hutazama alama na kufunga. Makocha wazuri huwataka wanakili sentensi moja kutoka kwa kila jaji na kuona ipi inajirudia.

Mzazi naye ana sehemu yake, na mara nyingi anaambiwa kwa kuchelewa. Shule lazima ilete majaji kulingana na idadi ya timu. Jaji mmoja kwa timu mbili ni kiwango cha kawaida. Ukipangwa kuwa jaji, fungua akaunti yako mwenyewe (usitumie ya mtoto), andika sentensi tatu za namna unavyoamua, na raundi ikianza bonyeza kitufe cha kuanza. Usipobonyeza, wanaopanga raundi hudhani hujafika na kutafuta jaji mwingine. Ingiza ushindi na alama kwanza, maelezo marefu yafuate, kwa sababu raundi inayofuata inasubiri kura yako. Tabroom haikufundishi kuamua. Hilo muulize kocha.

Mambo mawili yanatukera. Kwanza, menyu inadhani unajua lugha ya mchezo. Neno kama “Flight” halina maelezo pale lilipo. Pili, orodha za washiriki na matokeo ziko wazi kiasi kwamba hata mtu asiyemfahamu mtoto huweza kuona yupo mashindano gani, na mzazi wa mwaka wa kwanza hapewi onyo. Waliozoea Tabbycat, programu nyingine ya kupanga raundi inayotumika sana kwenye midahalo ya mtindo wa bunge la Uingereza, wataona tofauti: kule kila mshiriki hupewa kiungo chake cha siri na hahitaji akaunti. Ni rahisi zaidi siku ya kwanza, lakini Tabroom inakusanya rekodi yako ya miaka yote minne mahali pamoja, na hilo Tabbycat haikupi.

Tunaipendekeza, kwa sharti kwamba akaunti iunganishwe wiki mbili kabla. Makocha huwa hawashiki simu Ijumaa jioni wakati basi linapakia.